Wagonjwa Wangu Wote Walisema Kweli

Rukia kaniambia, "Bibi, umestaafu, sasa ueleze kazi yako ilivyokuwa, vijana wa ofisini wapate kusoma." Nikamwambia mie sijui kuandika. Akasema, "Wewe sema, mie nitaandika." Haya. Basi mnaosoma mjue maneno ni yangu, herufi ni za Rukia, na nimemkataza kuninyoosha. Nikifika mahali pa kumsema yeye mwenyewe naiona kalamu inakwenda polepole, lakini inakwenda.

Mie ni Mwanamvua, mtu wa Baleni, hapa hapa kisiwani. Skuli sikwenda hata siku moja. Nilijua kulima muhogo, kusuka makuti, na kusema kama watu wengine wanavyosema. Hilo la tatu ndilo lililokuja kunipa kazi, lakini si siku ya kwanza. Siku ya kwanza nilipewa fagio.

Ofisi ilikuwa vyumba viwili na jiko dogo pale Kilindoni, na kijiko kilikuwa kimoja. Kompyuta tatu zimefunikwa vitambaa vya kufuma, utadhani maharusi. Mkubwa wa ofisi alikuwa Daktari Temba, mtu wa bara, mrefu, anatembea kama anakagua gwaride. Akanionyesha zile kompyuta. "Mama, fagia kila mahali, ila hizi usiziguse. Tuko sirias hapa." Sirias ndo lilikuwa neno lake. Chai ikipoa, tuko sirias. Umeme ukikatika, tuko sirias. Siku mbuzi alipoingia akala karatasi za semina, akasimama mlangoni anamtazama mbuzi anavyotafuna, akamwambia na yeye.

Nilichukua miezi kujua wanafanya nini mle ndani. Mgonjwa hakuna, dawa hakuna, sindano hakuna, na wenyewe wanaitana daktari kutwa. Aliyenieleza ni Rukia. Alikuja binti mbichi katoka chuo, mkutubi, na sauti yake ya kunong'ona kama anauza magendo. "Bibi, madaktari duniani wakigundua jambo wanaliandika. Maandishi hayo yapo mtandaoni, mengi mno. Sasa tabibu akiwa peke yake zahanati, ana mgonjwa asiyemwelewa, anatakiwa aandike maneno mawili matatu kwenye tableti, na maandishi yanayomfaa yaje juu kwa Kiswahili cha kueleweka."

Nikamuuliza, "Na yanakuja?"

Akatazama dirishani. "Yanakuja," akasema. "Yanayofaa ndo hayaji."

Mwenye mashine alikuwa Gervas, fundi wa kompyuta kutoka Dar. Kijana mzuri, hana baya, ila hakuwahi kukubali kwamba kitu kimeharibika. Kila jambo analianza na kitaalamu. "Kitaalamu, Bibi, mfumo uko sawa, tatizo ni mtumiaji." Mtumiaji ndo yule tabibu maskini wa Mungu, kajaza foleni ya watu hadi nje, anaandika kwa kidole kimoja. Anaandika "homa", inamletea makala mpaka kesho kutwa. Anaandika "mama anasema tumbo linamvuta chini", haileti hata moja. Gervas anachungulia, "Ameandika vibaya." Vibaya vipi, baba? Kaandika alichoambiwa.

Basi mie jikoni nilikuwa na mchezo wangu. Nikipanga vikombe nawaiga wagonjwa, kumchekesha mlinzi. Namtoa mzee wa Baleni, ambaye ukimuuliza anaumwa nini anaanzia siku aliyopanda minazi. Namtoa mtu wa Utende anayefanya kazi hoteli ya wageni, ambaye hawezi kusema mgongo unaniuma, lazima aseme nina presha ya mgongo, mai frendi. Namtoa mvuvi wa dago, wale wanaokuja kupiga kambi kutoka wilaya nyingine, ambaye damu inamtoka mguuni na anakwambia, "Kidogo tu, dada, nimekuja kwa sababu wenzangu wamenisukuma." Siku moja nageuka, Rukia kasimama mlangoni na tableti, anaandika ninayosema. Alikuwa hacheki. Nilikuwa nimemtoa mama wa mwani, aliyeshinda majini akifunga kamba, macho yanamwasha, vidole vimekwajuka.

"Endelea, Bibi," akasema. "Hebu tuone italeta nini."

Ikaleta ugonjwa wa kwato za mbuzi.

Rukia akampelekea Gervas. Gervas akasema kitaalamu kwato na vidole viko karibu. Rukia akampelekea Daktari Temba, na yule bwana, nimpe haki yake, alivuta kiti akakaa jikoni kwangu, magoti yanamfika kidevuni. "Mama, hebu mtoe mwingine," akasema. Nikamtoa mwingine. Wiki ile fagio akapewa mtu mwingine.

Kazi yangu mpya haikuwa na jina. Kwenye ripoti niliandikwa "mshiriki wa jamii", kama mtu aliyeshiriki mazishi. Ilikuwa hivi. Mie nakaa kitini, naugua. Tabibu aliyekuja kwenye mafunzo ananiuliza maswali, anaandika anachoona kinafaa, na mashine inaleta inacholeta. Rukia anasoma kama ndicho au sicho. Mie nilikuwa na makopo mawili na mfuko wa vizibo vya soda. Mashine ikipata, kizibo kopo la kulia. Ikikosa, kopo la kushoto. Gervas alikuwa na michoro yake ya rangi kwenye kioo cha kompyuta, lakini mkubwa akiingia asubuhi alikuwa anatikisa makopo kwanza.

Ndipo nilipojifunza kwa Rukia mambo yenyewe. Kila makala imefungwa vitambulisho, kama mizigo ya bandarini, hii ya macho, hii ya uzazi, hii ya bahari. Mwenye kufunga yuko mbali, na alifunga kwa akili yake yeye. Kazi yetu ilikuwa kufunga upya kwa akili ya huku. Mama wa mwani hasemi ngozi yangu ina mzio. Anasema, "Nikitoka majini nawaka." Basi "kutoka majini" na "kuwaka" vikafungwa pamoja na makala za ngozi na macho, na safari nyingine nilipomtoa yule mama, ya kwanza juu ilikuwa ndiyo. Rukia alinishika mkono. Mwalimu wangu ana umri wa mjukuu wangu, na bado ananisahihisha jinsi ya kushika tableti.

Tukaenda hivyo miaka miwili. Kopo la kulia likajaa hadi likabadilishwa ndoo. Wakaja wageni, wakapiga picha ya ndoo. Daktari Temba akahutubia kwamba mfumo wetu unasikiliza sauti ya mwananchi, akaninyooshea mkono, na mie nikainuka kama bi harusi. Nilijiona najua kusema kama kisiwa kizima. Hapo ndipo palipokuwa na kosa, na nataka vijana mlisikie vizuri, maana lilikuwa langu.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi, saa ya chai. Simu ikapigwa na tabibu wa zahanati moja, Salum, kijana makini. Kijiji sikitaji, na Rukia naye kaapa hakitaji. Gervas akaweka spika. Salum akasema ana watu watano wa nyumba moja, wanatapika tangu alfajiri, koo linawaka moto, midomo inaota vidonda. Wanasema walikula samaki jana. Kaandika sumu ya samaki, mashine imemletea bunju, yule samaki wa sumu anayejivimbisha. "Lakini wa bunju midomo hufa ganzi," akasema, "na hawa inawaka. Sielewi."

"Kitaalamu," akasema Gervas, "mfumo umefanya kazi. Ameuliza samaki, umempa samaki."

Nyuma ya Salum nikamsikia mwanamume, mwenye nyumba, sauti imekauka kwa kutapika. "Samaki, tabibu. Samaki tu. Samaki hawa hawa."

Mie kikombe nikakiweka chini.

Nyie wa bara hamwezi kulisikia hilo. Mtu wa kwetu hali samaki asiye na jina. Ukimuuliza kala nini atakwambia changu, atakwambia tasi, atakwambia kolekole, na alivyopikwa, na jirani gani hakupata. Hata akiwa anakufa atakutajia. Mtu anayesema samaki tu, samaki hawa hawa, hajala samaki. Kala kitu ambacho sheria inakataza na hataki kukisema mbele ya mtu wa serikali. Na tabibu, kwa mtu wa kijijini, ni mtu wa serikali, hata akiwa mpwa wake.

Ukutani kwetu kulikuwa na kalenda ya watu wa hifadhi ya bahari, ina picha ya kasa anaogelea. Wenyewe walikuwa wanapita kwetu kunywa chai, na chai naipika mie. Nikajua nikifungua mdomo nimejitia mwenyewe ndani. Lakini nikafikiria midomo ile inayowaka.

"Huyo hajala samaki," nikasema. "Kala kasa."

Daktari Temba akageuka. "Umejuaje, Mama?"

"Kwa sababu na mie ndivyo nilivyokuwa nikijibu nikiulizwa."

Ndiyo, nimekula. Andika, Rukia, usinitazame. Nyumba yetu ilikuwa ikila, na mara nyingi hapana kitu kinachotokea, ndo maana watu wanaendelea. Kisha siku moja anakuwa na sumu, na kwa macho humjui.

Rukia akaandika kasa kwenye mashine. Ikaleta mayai ya kasa. Ikaleta njia za kasa baharini. Ikaleta watalii wanaotazama vifaranga vikienda majini. Makala za watu waliomla zilikuwamo humo humo, lakini aliyezifunga alizifunga kwenye mazingira, hakuzipa kitambulisho cha chakula wala cha ugonjwa. Rukia akaanza kutoa vitambulisho kimoja kimoja, mazingira toa, utalii toa, akaweka koo, akaweka vidonda vya mdomo. Kisha Rukia akasoma, na ile sauti ya kunong'ona sikuisikia.

"Wanaonyonya," akasema. "Mama anaweza asiumwe kabisa. Sumu inapita kwenye maziwa, inamuua mtoto. Watolewe kwenye ziwa mara moja. Salum, kuna anayenyonyesha hapo?"

"Yupo mke wa huyu bwana, Zuhura," akasema Salum. "Lakini yeye mzima, kaja kuuguza. Mtoto anaye mgongoni, wa miezi minne. Hana tatizo, tangu wamefika katulia, kalala tu."

Katulia. Mtoto wa miezi minne, katikati ya watu watano wanaotapika, katulia. Hata Gervas alielewa.

Tukamsikia Salum anamuuliza yule mama, na namna alivyouliza ilikuwa ya kitabuni. "Mama, je, umekula nyama ya kasa?" Mume akadakia kutoka sakafuni, "Tabibu, tumekwambia samaki." Salum akamwambia mama basi asimnyonyeshe mtoto. Yule binti akajibu, na alikuwa na haki, "Nimnyime mwanangu ziwa kwa kosa gani? Mie siumwi. Kaamka sasa hivi, ana njaa."

Nikamwambia Salum, mpe simu yeye. Gervas, toa spika, nipe simu. Na wewe, Salum, sogea kando, baba, wewe ni mwanamume na umevaa koti jeupe.

"Shikamoo, bibi," Zuhura akasema.

"Marahaba, mwanangu. Mie ni Mwanamvua wa Baleni, wala sina cheo. Nikuulize jambo la jikoni tu. Ile nyama jana, mafuta yake yalikuwa ya kijani?"

Nasikia mtu anatapikia ndooni, nasikia ndoo inavutwa.

"Mie nimewahi kuyapika," nikasema. "Yanataka moto mdogo."

"Ya kijani," akasema, taratibu, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

"Umekula?"

"Vipande viwili."

"Basi usimpe mtoto ziwa, hata la kumnyamazisha. Maziwa yako yana ile nyama. Mwambie tabibu amtazame mtoto kabla hajawatazama hao wakubwa. Mumeo mwache aseme samaki. Aseme mpaka achoke."

Kasa sikumtaja. Na yeye hakumtaja. Salum alipomshusha mtoto mgongoni alimkuta amelegea kama kitambaa. Gari likawapeleka hospitali, mtoto akapewa maziwa ya kopo kwa mpira wa puani, na sumu ile haina dawa ya kuiondoa, ni kusubiri tu. Tulisubiri siku mbili. Hakuna aliyegusa chai, na nilipika vile vile. Siku ya tatu Salum akapiga simu, akaisogeza kwa mtoto atusikilizishe. Alikuwa analia, kwa hasira, kilio cha njaa. Daktari Temba akatoka nje akakaa kwenye ngazi.

Sasa kosa. Mngependa liwe la Gervas, na mie ningependa, lakini hapana. Miaka miwili niliugua magonjwa yote ya kisiwa hiki. Nilimtoa mzee, nilimtoa mvuvi, nilimtoa mama wa mwani, kwa sauti zao, kwa kikohozi chao. Na wote, hata mmoja, hakuwahi kumdanganya tabibu. Wagonjwa wangu wote walisema kweli. Nimezaliwa kisiwani hapa, najua watu tunaficha nini na mbele ya nani, na nilipokaa kwenye kiti cha ofisi nikawafanya watu wote wawe waungwana, kwa sababu mkubwa alikuwa anatazama. Mashine ikafundishwa na kisiwa ambacho hakipo. Ile ndoo ya vizibo niliimwaga mwenyewe.

Daktari Temba akaandika ripoti, akanisomea. Imo zahanati, kimo kijiji, kimo kitoweo.

"Futa kijiji," nikamwambia.

"Mama, ripoti lazima iwe kamili. Tuko sirias."

"Haya, kiandike basi. Watu wakisikia wametajwa, safari nyingine hawatasema samaki tu. Watasema kolekole wa nazi, na jirani aliyekosa watamtaja. Uongo wenye jina. Huo sitaujua mie wala nani. Na mtoto atakayekuja na huo utamzika wewe na ukamilifu wako."

Akafuta kijiji, akafuta na zahanati. Siku ile nilimpenda, na sikumwambia.

Kisha nikamgeukia Gervas. Nikamwambia mashine yako inasubiri mtu aungame. Isisubiri. Watu wengi, chungu kimoja, wanatapika, koo linawaka, basi, ule ukurasa wa wanaonyonya uje wenyewe juu kabisa, wamesema samaki, wamesema maandazi, isijali. Inawezekana au haiwezekani?

"Kitaalamu inawezekana," akasema.

"Kwa nini hukufanya?"

"Hakuna aliyeomba."

Akaufanya, tena vizuri, wiki ile ile. Na mie miaka yangu iliyobaki kazini nikawa mwongo wa ofisi. Nakaa kitini, nasema nimeanguka, kumbe nimepigwa. Nasema ni dawa ya kikohozi, kumbe nimetoka kwa mganga na nimekunywa mizizi. Matabibu wanakasirika, "Bibi, sasa tutajuaje?" Hamtajua, wanangu. Ndo nawafundisha kutojua. Rukia anakaa pembeni anaangalia kama ukurasa unaofaa unakuja licha ya uongo wangu, na ukikataa anafungua vitambulisho anafunga upya. Hiyo ndo kazi niliyoifanya kwa ufundi kuliko zote, na kwenye ripoti bado mie ni mshiriki wa jamii.

Mwaka huu, baada ya Idi, simu ikapigwa tena, tabibu mwingine, kijiji kingine. Nikasogea. Watu saba, chungu kimoja, koo linawaka. Wanasema walikula kuku. Nikavuta pumzi, nikaanza kutafuta neno la jikoni la kumuuliza mama wa nyumba.

Yule tabibu, binti, wala hakuuliza tufanye nini. Akasema ukurasa ulikuja wenyewe, watoto wawili wanaonyonya keshawatoa kwenye ziwa kabla hajapiga simu, mmoja hajaanza hata kulegea. Anachotaka ni maziwa ya kopo, ya kwake hayatoshi, na gari.

Gervas akamuuliza, "Na hao wenyewe wamekubali walikula nini?"

"Kuku," akasema yule binti. "Jogoo mwekundu. Wamenitajia mpaka aliyemchinja." Akakata simu, ana kazi.

Uongo mzuri kabisa, una jina na rangi, na mie mwenyewe ningeuamini. Nilibaki nimesimama pale, mkono nimeunyoosha, nangojea simu ambayo hakuna aliyenipa. Kisha nikaenda kwa Daktari Temba nikamwambia naondoka.